Betri Nne za Shofere

Tulimwita Shofere. Jina la ubatizo alikuwa nalo, na labda mkewe alilijua, lakini katika kartie yetu, mtaa wetu pale Bunia, hata mtoto aliyeanza juzi kusema alimwita Shofere, naye aliitika. Madereva walikuwa wengi mjini. Ila ukisema "Shofere" peke yake, hakuna aliyekuuliza ni yupi.

Nataka kueleza alivyokuwa, na sitampamba. Waliompamba wapo, wamemfanya kama yule mtakatifu wa plasta anayesimama karibu na mlango wa kanisa. Mimi nina haki ya kumsema. Siku mji ulipotushinda, nilitoka Bunia na mwanangu Furaha juu ya kamyo yake, lori la mizigo. Mama yangu mzazi alitoka juu ya kamyo nyingine, siku hiyohiyo, njia hiyohiyo ya Komanda, na hakufika. Nikimfikiria mtu huyu siwezi kumfikiria bila kumtafuta mama yangu pembeni yake.

Kabila langu silisemi. Waliokuwa Bunia miaka ile wanajua kwa nini, na ambao hawakuwepo wamshukuru Mungu.

Kabla ya vita nilikuwa mwanamke wa samaki. Nilishuka ziwani Kasenyi, nikanunua samaki wa chumvi, nikapanda nao mlima juu ya kamyo ya Shofere mpaka soko la Bunia. Kamyo yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja aliyevuka kwenda Uganda risasi za kwanza ziliposikika, akamwachia funguo na kumwambia aitunze. Tangu hapo hakumtumia hata salamu. Shofere akaitunza, akaanza kuiita "kamyo yangu," na sisi hatukumbishia, maana nani mwingine angeihangaikia?

Kamyo ya mazuti, ya dizeli, haiwaki kwa betri moja. Inataka mbili, kubwa, kila moja ni mzigo wa kumkunja mwanaume mgongo, zinafungwa pamoja ili nguvu ziungane. Zamani za amani betri zilikaa ndani ya kamyo kama meno kinywani. Vita vilipokuja, kila mwenye kamyo Bunia akajifunza kuzing'oa jioni na kuzipeleka nyumbani kwa toroli, kwa sababu kamyo isiyo na betri haiibiwi upesi, na askari wa kila rangi walikuwa wanatafuta betri kwa ajili ya radio zao. Shofere alizilaza chini ya kitanda chake. Mkewe alilalamika kwetu kisimani kwamba mvuke wa asidi umetoboa shuka, na kwamba mumewe akiamka anazisalimia hizo kabla ya kumsalimia yeye.

Huyo mkewe alikuwa msichana mbichi na Shofere alikuwa na mvi. Nalitaja kwa sababu kanuni yake ya kwanza ya betri, aliyoihubiri mpaka tukachoka, ilikuwa kwamba usifunge betri mpya pamoja na kuukuu. Kuukuu inainyonya mpya, mpya inachoka kabla ya wakati, mwisho zote mbili zinakufa. Ukinunua, nunua mbili zilizozaliwa pamoja. Basi wanawake wa kisimani walikuwa wanamwuliza mkewe kwa sauti ya juu kama Shofere amekwisha kumnyonya au bado kidogo. Yule mwanamke hakuwa mjinga. Alijibu kwamba yeye ndiye anayemchaji mzee, akimwacha siku mbili tu hawaki. Shofere alisikia hayo akiwa chini ya kamyo yake, akatoka amenuna, akatuuliza kama samaki wetu wameisha tunakosa la kuuza.

Alikuwa na kanuni ya pili, na hiyo ndiyo iliyotupata. Madereva wengine wakienda kuchagua betri sokoni, walichukua kipande cha waya wakagusa vichwa vyote viwili, cheche ikaruka, wakaridhika wakalipa. Shofere aliwacheka. Yeye aliinama akanusa vifuniko, akaweka sikio kusikiliza kama vyumba vyote sita vinachemka sawasawa wakati wa kuchajiwa, akaipangusa ubavuni kwa kidole. Wauzaji wengine walikuwa wanapaka betri kongwe kiwi cha viatu ing'ae, na kidole chake kilirudi cheusi mara nyingi. Hata hapo hakuamua. Aliomba ikae mpaka asubuhi bila kuguswa.

"Betri yenye imetoka mu chaji iko kama mutu yenye ametoka kunywa," alisema. "Saa ile anasema yeye iko simba. Ngoja asubui."

Walimchukia sokoni, na walimtafuta vilevile, kwa sababu mtu akinunua betri bila Shofere kuitazama alirudi nyumbani na wasiwasi. Tena hakulipisha kitu. Kasoro yake ilikuwa kwamba hakujua kunyamaza. Siku moja alimwona mtu asiyemjua, mgeni kutoka Mambasa, amefunga betri nyuma ya baiskeli anaondoka nayo kwa furaha. Shofere aliinusa tu ilipompita. Akamkimbilia mpaka karibu na benki ya zamani, ndara zinamvuka miguuni, akamsimamisha akamwambia kwamba amenunua maiti, arudi adai mali yake. Muuzaji alimtukana Shofere matusi ambayo siwezi kuyaandika. Yeye akatikisa kichwa, akasema asiuzie watu maiti, akaenda kunywa chai.

Usidhani alikuwa mtu mwema kila upande. Betri hazinyweshwi maji ya kisima, zinataka maji safi yasiyo na udongo wala chumvi, na kwetu maji hayo ni ya mvua. Shofere hakuyachukua yale yanayotiririka kutoka mabatini, kwa sababu ya kutu. Mvua ikianza alitoka nje na ndoo, akaiweka katikati ya ua, akasimama mbali anailinda kuku wasiikaribie, huku yeye mwenyewe analowana. Wakati mmoja tulifungiwa kwenye kartie siku kadhaa, wenye bunduki wako kisimani, watoto wanalia kiu. Nilikwenda kumwomba kikombe kimoja tu kwa ajili ya Furaha. Alikataa katakata. Alisema yale ni maji ya betri. Kisha akaingia ndani akanitolea maharagwe yote yaliyobaki nyumbani kwake, sufuria nzima, akanisukumia mikononi, na maharagwe yasiyo na maji ya kupikia utayafanyia nini? Nilimwambia nitamlaani. Akasema sawa, lakini maji hapana.

Wala hakuwa jasiri. Hili watu wamelisahau, mimi sijasahau. Risasi zikilia hata mbali, upande wa uwanja wa ndege, Shofere alikuwa wa kwanza kuingia chini ya kamyo, na wa mwisho kutoka. Misa ya Jumapili aliisikilizia mlangoni ili aone barabara. Aliegesha kamyo siku zote kwenye mteremko, pua ikitazama chini, ili ikikataa kuwaka isukumwe. Tulimtania kwamba hata chooni anaingia kinyumenyume. Alisema tucheke tu.

Siku askari walipokuja kuzichukua betri zake nilikuwepo, nilikuwa nimekaa na mkewe tunachambua sombe, majani ya mhogo. Mtu fulani alikuwa amewaonyesha. Waliingia chumbani moja kwa moja, wakainua kitanda, wakazibeba. Shofere alitetemeka mpaka nikamwonea haya. Wakafika njiani, naye ghafla akawafuata. Mkewe akapiga kelele, tukajua leo amepata wazimu anakwenda kuwanyang'anya. Sivyo. Alikwenda kuwaambia kwamba ile yenye alama ya rangi nyeupe imepungukiwa maji chumba cha tatu, waiongeze, wasiiache ikauke. Walimpiga kitako cha bunduki wakacheka. Alirudi damu inamtoka sikioni, akakaa kizingitini akalia, na nilijua halilii sikio.

Baada ya hapo kamyo ilikaa tu pale mteremkoni. Kuku walitaga chini ya kiti. Shofere hakusafiri tena, mimi sikushuka tena ziwani, na njia ya Kasenyi ikawa njia ya kufa. Mji ulibadilisha wenyewe mara nyingi hata tukaacha kuuliza ni nani anayetawala wiki hii. Tuliuliza tu kama kuna chumvi. Katika kartie tulikuwa tumejiwekea desturi: chochote kikipatikana kinagawanywa sawa, chumvi, sabuni, hata kiberiti, tulihesabu njiti tukagawana. Ndivyo tulivyofika hai mpaka pale, na aliyejaribu kuficha kitu alitengwa.

Kisha wanajeshi wa kigeni waliokuwa mjini wakaanza kufungasha. Tuliwaona wakipakia vitanda vyao, na kila mtu Bunia alielewa. Wakishaondoka hawa, wale walioko vilimani upande huu na upande ule watashuka, na kila upande unajua milango unayoitaka. Wengine walikuwa wamekwisha kuondoka kwa miguu, mizigo kichwani, kufuata njia ya Komanda kuelekea Beni, wakipita bariere baada ya bariere, vizuizi vya wenye bunduki. Lakini katika kartie yetu kulikuwa na wazee, kulikuwa na wajawazito, na mimi nilikuwa na Furaha anayechemka malaria hata hamtambui baba yake kwenye picha. Kutembea hatuwezi. Tulikuwa na kamyo mbili, ya Shofere na nyingine nyekundu ya dereva mwenzake anayekaa mtaa wa nyuma, na zote mbili hazina betri.

Watu wakatafuta betri kama wanavyotafuta mtoto aliyepotea. Moja ilitoka kwenye nyumba ya video, moja kwenye mashine ya kusaga mhogo, mbili zilifunguliwa kutoka kwenye kamyo zilizochomwa njiani, na aliyezifungua alirudi anatapika kwa yale aliyoyaona huko. Jumla nne. Wazee wa kartie wakasema ni kama Mungu amehesabu: kamyo mbili, betri nne, kila kamyo mbili. Zikapelekwa kwa mwenye mashine ya kusaga, akamwaga mazuti yake ya mwisho kuzichaji mchana kutwa. Alasiri zikarudi kwa toroli, na ua wa Shofere ulikuwa umejaa watu na mafurushi.

Shofere akanusa, akasikiliza, akasema hapana. Zilale.

Sijawahi kuona watu wakimgeukia mtu vile. Mlio wa mizinga ulikuwa unasikika, na huyu mzee anasema betri ilale. Wanaume walisema wataisukuma kamyo mteremkoni wenyewe, itawaka, betri za nini? Hapo ndipo alipopanda juu ya kizingiti chake akasema maneno ambayo kartie nzima inayakumbuka mpaka leo.

"Kutoka hapa haiko kazi," alisema. "Munisukume, nitatoka. Kazi iko ku bariere. Kila bariere watasema zima motere. Na siye tutazima. Na pale hakuna mwenye atatusukuma. Kama haikuwaka, siye tunabaki mu mikono yao."

Mama yangu alikuwa mbele. Mama yangu hakuwa na simile na mtu. Alimwambia kwamba amezika mume na watoto wawili katika vita hivi na hakuwahi kuona mtu anauawa kwa sababu ya kungojea betri isinzie. Alimwita mwoga. Alimwita kwa majina mengine pia. Shofere alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa upole ulionishangaza, "Mama, iache ilale kwanza." Na kwa kuwa hakuna aliyejua kuendesha kamyo ile isipokuwa yeye, watu walilala palepale uani.

Asubuhi sikuwepo. Nilikuwa kituo cha afya, Furaha amewekwa serumu, dripu ya mkononi, na muuguzi, mwanamke aliyekataa kukimbia, alisema akiitoa kabla haijaisha mtoto hatafika hata Shari, hapo karibu tu. Kwa hiyo kuchagua kwenyewe sikukuona. Walioona walisema Shofere na mwenzake walizijaribu betri zote nne, wawili tu wakiinama ndani ya kamyo, kisha Shofere akasema hizi mbili zangu, zile mbili zako, na mwenzake akazibeba. Hakuna aliyeuliza neno, kwa maana mgawo ulikuwa sawa. Ile nyekundu ikawaka. Watu wakapiga vigelegele wakapanda.

Mama alikuja kwenye dirisha la kituo cha afya. Alikuwa amebeba beseni lake la bluu, lile lililopasuka ukingo nikalishona kwa waya, ndani yake amejaza mhogo mkavu na nguo. Alimpa Furaha kiazi cha kuchemsha ambacho mtoto hakuweza kukila. Akasema kamyo nyekundu iko tayari na imeshaanza kujaa, ya Shofere inawangoja wagonjwa, na mimi ni mmoja wao, basi yeye atatangulia. Nilimwomba anisubiri tupande pamoja. Akasema, "Nitangulie nikushikie nafasi kule Komanda, watu watakuwa wengi." Alikuwa mtu wa kushika nafasi, misani, sokoni, kisimani. Akaenda bila kugeuka, kwa sababu hakupenda kuaga.

Serumu ilipoisha jua lilikuwa juu sana. Nilikimbia na Furaha mgongoni, nikiwa na hakika kwamba Shofere amekwenda. Alikuwepo. Watu waliokuwa juu ya kamyo walikuwa wanampigia bati kwa ngumi, wanamtukana, na yeye amekaa kwenye usukani anatazama mwisho wa njia nitakakotokea. Aliponiona aligusa tu funguo.

Kwenye bariere ya kwanza tulizima, tukawaka. Ya pili vilevile. Ile nyingine, kabla ya kufika Komanda, ilikuwa bondeni penye kijito, tope mpaka magotini, mlima nyuma na mlima mbele. Kabla hatujasimama nikaiona kamyo nyekundu. Ilikuwa imeegemea ukingoni, kofia ya injini wazi. Tope lote nyuma yake lilikuwa limevurugwa na miguu ya watu waliosukuma. Mtu hata mmoja hakuwepo. Kulikuwa na ndara, godoro limepasuliwa, chupa ya mtoto. Na beseni la bluu, limefunikwa kifudifudi, waya wangu unaonekana.

Wakasema zima. Shofere akazima. Tukashushwa tukaketishwa majanini, wakatazama kadi zetu, wakatusemesha lugha hii na ile wasikie ulimi wa kila mmoja. Hao hawakuwa na kiu ya damu saa ile, walikuwa wamechoka, wengine wamelewa. Hatukuwa na ujasiri wa kuuliza habari za kamyo nyekundu. Nilimfunika Furaha uso kwa kitenge. Walichukua mbuzi, wakachukua radio, wakamvua Shofere viatu. Kisha mmoja mwenye kofia ya sufu akamwambia, "Washa, mupotee. Kama haikuwaka, munabaki na siye."

Tukapanda. Nilikuwa karibu na kichwa cha kamyo, nikamwona kwa kidirisha cha nyuma anavyoweka funguo, mguu mtupu wenye tope juu ya kanyagio. Ikawaka mara moja. Haikukohoa. Tukapanda mlima, na mimi nikalia bila sauti, kwa sababu bado walikuwa wanatuona, nikaendelea hivyo mpaka Komanda.

Walionusurika wa kamyo nyekundu tuliwakuta Beni baadaye, wachache, walipita porini. Walisema waliambiwa wazime, wakazima, wakakaguliwa, wakaruhusiwa waende. Haikuwaka. Walisukuma kwenye tope mpaka mikono ikawa na malengelenge. Wale wa bariere waliwaacha wasukume, wanawacheka. Kisha likaja kundi jingine kutoka msituni ambalo halikuwa na mchezo. Dereva alikufa kwanza. Kuhusu mama, mmoja alisema alimwona amekaa juu ya mzigo wake, amekataa kukimbia, miguu ilikuwa haimruhusu. Mwili wake sikuupata.

Tangu hapo Shofere akawa mtu mkubwa. Kule Beni kwa wakimbizi, na hapa Bunia tuliporudi, watu walimsimulia: mzee aliyekataa kuondoka, mzee aliyejua. Harusini alipewa kiti cha mbele. Mimi mwenyewe nilimsimulia kuliko wote. Nilipoanza tena kuuza samaki nilimtengea fungu lake kila juma na sikumruhusu mkewe alipie. Kitu kimoja tu hatukukielewa. Hadithi ile ikianza, alisimama akatoka nje. Tulisema ni unyenyekevu. Na sokoni hakwenda tena kuchagulia watu betri. Ukimwomba alikwambia macho yamechoka, pua imekufa, tafuta mwingine.

Mwaka jana miguu yake ilivimba akawa hatoki. Siku hizi Bunia ni pikipiki tupu, zinapita mlangoni kwake kutwa kama nyuki, na sokoni betri mpya zinatoka Kampala ndani ya maboksi yake, watu wananunua bila hata kuzinusa. Nilimpelekea sombe na samaki mchana mmoja. Mkewe alikuwa ameenda kuuza mandazi. Nilimwinua, nikamwekea mto mgongoni, nikamfungulia sufuria. Hakuigusa.

"Mama Furaha," akasema, "zile betri zilikuwa ine."

Nikamwambia najua, Bunia nzima inajua.

"Mbili zilikuwa zima. Mbili zilikuwa za kuwaka mara mbili, mara tatu, kisha basi. Nilijua ile asubui."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Aliendelea kusema akitazama ukuta. Alisema mwenzake alimwuliza kama zile mbili alizompa ziko vizuri, naye akamjibu ziko vizuri, aende. Alimwambia tu asizime njiani, kama vile mtu anaweza kukataa kuzima mbele ya bunduki. Mtu huyu aliyemkimbilia mgeni wa Mambasa, aliyewafuata askari kuwaambia habari za chumba cha tatu. Nikamwuliza kwa nini hakusema kweli.

"Kama nilisema kweli, batu wangesema tugawe sawa," akasema. "Moja zima, moja ya kufa, kila kamyo. Unajua batu yetu. Na ile ya kufa ingemaliza ile zima. Kamyo zote mbili zingelala mu ile tope. Weye, na mutoto, na mama yako, siye wote."

Ni kweli. Nimeligeuza jambo hilo kila upande na ni kweli. Tungesema tugawe. Mimi ningelisema wa kwanza, na mama yangu angenishinda kwa sauti. Tuligawana njiti za kiberiti, tungeacha betri? Nilitaka kumpiga na sikujua nimpige kwa kosa gani. Ndipo nikaona swali lililobaki, nikaogopa kuliuliza, nikaliuliza.

"Na kwa nini zile zima ziliingia mu kamyo yako?"

Pikipiki zilipita. Nilimwona anatafuta neno, na nilijua neno lililopo karibu naye kuliko yote. Angeweza kusema: kwa sababu kamyo yangu ndiyo iliyokuwa inamngoja mtoto wako. Ningemwamini. Ningetoka mle ndani nimebeba kifo cha mama yangu begani, mimi na Furaha, mpaka kaburini.

"Sababu ile kamyo ilikuwa yangu," akasema.

Nilifunika sufuria ili inzi wasiingie, nikaiacha pale, nikatoka. Nyumbani sikumwambia mtu. Kesho yake nilipika tena, maana mkewe alikuwa sokoni na mgonjwa lazima ale, lakini miguu yangu ilikataa ile njia, nikamtuma Furaha. Sasa ni mwanamke mzima, ana watoto wake, hajui lolote zaidi ya kwamba mzee yule alimngoja.

Alirudi na sufuria zote mbili tupu. Akasema Shofere ameuliza jina la bibi, lile kamili la kwao, anataka kumpa padri alisome misani, na yeye Furaha amegundua kwamba hajawahi kulijua.

Nilikuwa nasugua samaki chumvi. Nilisugua mpaka nikamaliza. Kisha nikamwambia jina la mama yangu, nikamwambia alirudie nisikie kama amelishika, nikamtuma tena.